Nta Kivulini, Makarani Chini ya Bati

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ya nta pale Tabora, Karani Mkuu hakuniuliza kama najua kupiga taipu. Alinitazama kuanzia viatu hadi kola, kisha akauliza, "Koti lako liko wapi?" Nikamjibu kwamba liko sandukuni, maana ulikuwa mwezi wa kumi, jua linachoma, na nilikuwa nimekuja kwa miguu kutoka Chemchem. "Rudi ukalivae," akasema. "Karani asiye na koti ni mpagazi aliyefundishwa kusoma." Nikarudi mbio. Nilipofika tena nilikuwa nimelowa mpaka soksi, na hapo ndipo akanionyesha kiti changu.

Nawaeleza haya ninyi mnaofanya kazi chini ya feni na kununa ikizimika, mjue ofisi ilikuwaje zama zetu za Mwingereza. Sitawapamba wakubwa wangu, wala sitawatukana. Wengi wao hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwa sababu mtu mbaya angalau unajua pa kumkwepa.

Kwanza kazi yenyewe. Nta ni ile inayobaki asali ikishakamuliwa. Warina asali wa Unyamwezi hutundika mizinga ya magome porini, na wakisharina, masega huchemshwa, huchujwa kwa kitambaa, na kumiminwa katika chungu yagande. Vipande hivyo vya duara, vya rangi ya manjano, vililetwa kwetu kwa baiskeli na vichwani. Karani wa mizani alikata kila kipande katikati kuona kama kuna mchanga au jiwe ndani, maana watu ni watu. Kisha nta ilipimwa, ikatiwa magunia, ikasubiri behewa la kwenda Dar es Salaam na meli ya Ulaya. Mimi nilichapa hati za shehena, yaani karatasi zinazosafiri pamoja na mzigo, nakala nne kwa mkupuo mmoja kwa karatasi za kaboni.

Kampuni ilikuwa imenunua tembe kuukuu kando ya njia ya Kwihara, nyumba ya tajiri mmoja wa enzi za misafara ya pembe za ndovu. Tembe lile lilikuwa na kuta za udongo nene kuliko urefu wa mkono, paa la udongo lililo bapa, na madirisha madogo yaliyoko juu. Hata mwezi wa kumi ukiingia mle unatamani kuvua viatu na kulala. Humo ndimo ilimokaa nta. Ukutani kilining'inia kipimajoto, na mtunza ghala alikisoma asubuhi na mchana, akapeleka habari kwa Meneja. Nta ikipata joto hulainika, vipande vikagandana, nyuzi za gunia zikaingia ndani, na wanunuzi wakaikataa. Meneja naye alikuwa na chumba chake mlemle ndani ya tembe.

Sisi makarani tulijengewa banda uani. Paa bati, kuta bati, dari hakuna. Jua likishapanda, bati lilianza kulia, ta, ta, ta, na sisi tukajua siku imeanza. Karatasi za kaboni zilinata vidoleni. Madirisha yalikuwepo, lakini mwezi wa tisa na wa kumi ndiyo miezi ya upepo wa vumbi Tabora, kwa hiyo yalifungwa hati zisipeperuke. Mtungi wa maji ulikaa nje, barazani kwa tembe, kwa sababu zamani karani mmoja alimwaga kata ya maji juu ya hati za shehena na Karani Mkuu hakusahau. Maji yalinywewa saa ya mapumziko tu. Na koti halikuvuliwa.

Msidhani tulilazimishwa kwa viboko. Tulilipenda lile koti. Baba zetu walibeba mizigo ya watu kutoka Ujiji hadi pwani wakiwa vifua wazi, na sisi tulikuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti. Karani aliyevua koti mchana alionekana amejishusha, na wenzake ndio waliokuwa wa kwanza kumcheka. Nilimcheka mtu na mimi nikachekwa, na wote tulikuwa tunaungua.

Baada ya miaka michache nilipelekwa Igunga kuwa karani wa ununuzi. Huko nilipanga kwa mzee mmoja mkulima wa mpunga na mfugaji, mtu mkarimu ajabu, mwenye binti aitwaye Veronika. Niliporudishwa Tabora, vita vikubwa vya pili havijaanza, nilimkuta karani mpya wa mizani, Leonsi, Mkatoliki wa Kwihara. Alikuwa mcheshi, mrefu, ana sauti ya kwaya. Siku moja akaniambia, "Bwana Isaka, wewe umekaa Igunga. Hukuniachia mke huko?" Nikamtajia Veronika kwa mzaha, yeye akalichukua kweli. Basi nikawa mshenga wao. Mnajua mshenga kwetu si mtu wa kupeleka posa na kwenda zake. Ndoa ikipata tatizo, pande zote mbili zinamgeukia yeye, kwa sababu ndiye aliyeweka neno lake kati. Ng'ombe wa mahari walilipwa wote, harusi ikafungwa, wakapata watoto wawili, Monika na Petro.

Wakati huo tulikuwa na Meneja wa pili, mtu mpole wa sauti, aliyesema Kiswahili cha kitabuni. Mwaka mmoja joto lilipozidi, mimi na Leonsi tulimwomba Karani Mkuu atupelekee ombi: tuanze kazi alfajiri, tumalize jua likiwa utosini. Karani Mkuu akakataa kulibeba. "Nikaseme makarani wangu wanaogopa jua kama mayai?" akatuuliza. Tukaenda wenyewe. Meneja alitusikiliza vizuri, akatukaribisha hata kukaa. Mle chumbani mwake mlikuwa na ubaridi mtamu.

"Ninawaelewa," akasema. "Lakini ninyi mmezaliwa katika joto hili. Mimi ndiye mgeni wake. Kama mimi ninavumilia, ninyi mtashindwaje?"

"Bwana," Leonsi akajibu, "tubadilishane vyumba wiki moja tu, halafu tuzungumze."

Meneja akacheka, akasema atafikiri. Tulitoka tukicheka nasi, na Leonsi aliusimulia mzaha ule uani kwa siku nyingi.

Leonsi alikufa mwezi wa kumi mwaka huohuo. Siku ile tulikuwa tunakamilisha hati za shehena kubwa. Upepo wa vumbi ulianza mapema, madirisha yote yakafungwa. Baada ya chakula cha mchana Leonsi alikaa karibu yangu akisoma uzito kwa sauti, mimi nachapa. Alisoma vizuri kwa muda, halafu akaanza kurudia mstari uleule.

"Leonsi, huo umeshausoma," nikamwambia.

Akacheka kicheko ambacho hakikuwa chake. "Ngoja ng'ombe wapite kwanza," akasema.

Hapakuwa na ng'ombe. Nikainuka nikamshika mkono. Ngozi ilikuwa kavu, haina hata tone la jasho, na ilichoma kiganja kama sufuria iliyotolewa jikoni. Alianguka kutoka kitini kabla sijamdaka.

Karani Mkuu akaja mbio. "Homa hiyo! Mwiteni dresa!" Dresa alikuwa mtu wa dawa wa kampuni, aliyejifunza kufunga vidonda na kupiga sindano jeshini. Akaweka mkono kwenye paji la uso, akatikisa kichwa. "Malaria imempanda kichwani," akasema, akampiga sindano ya kwinini. Kisha akafanya lile ambalo kila nyumba ya Tabora ingelifanya, na mama zetu walitufanyia sote utotoni. "Mfunikeni atoke jasho. Na mlango ufungwe, asipigwe na upepo." Likaletwa blanketi la mlinzi, na juu yake magunia mawili, na koti lake likiwa mwilini.

Mimi sikujua udaktari, lakini nilijua kwamba homa huanza na baridi, na Leonsi hakuwa ametetemeka hata kidogo. Nilikimbilia kwa Meneja.

"Bwana, Leonsi ameanguka. Tunaomba tumlaze ghalani, kule kuna ubaridi."

Meneja alisimama mara moja, na uso wake ulionyesha kweli ameshtuka. "Ana nini?"

"Dresa anasema homa."

"Basi mtu mwenye homa halazwi penye baridi, Isaka. Tena nta hunyonya harufu, ya dawa, ya mgonjwa, zote. Wataturudishia shehena nzima. Gari likirudi kutoka stesheni, mpelekeni hospitali."

"Gari limepeleka magunia, bwana. Litachelewa."

"Litakaporudi," akasema, na akanifuata hadi mlangoni kwa banda. Akatazama ndani, akageuza uso kwa lile joto, akarudi chumbani kwake.

Leonsi hakutoka jasho. Alitetemeka mara moja, tena sana, na dresa akasema, "Mnaona? Ndiyo malaria," akaongeza gunia la tatu. Gari liliporudi halikwenda hospitali. Lilikwenda Kwihara, na mimi nilikaa nyuma nikimshikilia kichwa kisigongwe na ubao.

Kwa joto lile mazishi hayakuweza kusubiri. Alizikwa kesho yake. Karani Mkuu alisimama kaburini kusema kwa niaba ya kampuni, na alisema kwa ufasaha, kama kawaida yake. "Marehemu alikuwa hodari wa kazi," akasema. "Hata siku ile alikuja ofisini akiwa na homa yake kali. Hakutaka kutuangusha." Aliyesikia haraka angeona ni sifa. Lakini mimi niliona nyuso za wanawake zikigeuka, moja baada ya nyingine, kumtazama Veronika.

Shangazi wa Leonsi hakungoja hata tutoke makaburini. "Homa kali?" akauliza kwa sauti. "Na huyu aliyelala naye kitanda kimoja hakuiona?"

"Alitoka mzima, shangazi," Veronika akasema. "Alikunywa uji akamaliza. Akambeba Petro mpaka barabarani."

"Basi Karani Mkuu mwongo?"

Nani angesema Karani Mkuu mwongo? Alikuwa mtu wa mjini, ana koti, ana kofia, anasoma hati za kizungu. Veronika alikuwa mgeni kutoka Igunga. Mimi nilisema palepale kwamba nilikuwepo, kwamba ilikuwa joto la banda na si homa. Wakaniambia ninyamaze, msiba si mahali pa kubishana.

Matanga yalipoanuliwa ukoo ukafanya kikao, nami nikaitwa kama mshenga. Jambo lilikuwa moja: mke aliyemwacha mumewe atoke na homa ya kufa hafai kukaa na watoto wa ukoo. Arudi kwao. Watoto wabaki, kwa sababu mahari ilikwisha kulipwa. Nikaeleza upya, mwanzo hadi mwisho. Baba yake Leonsi, Mzee Mhoja, aliyekuwa mpagazi wa misafara ujana wake na mkulima baadaye, alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Isaka, wewe ni mshenga, tunakuheshimu," akasema. "Lakini usitudhihaki. Sisi tunapiga matuta jua likiwa utosini, na hatufi. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye kiti, kivulini, anaandika. Unataka kuniambia kivuli kimemuua?"

Wazee wakacheka, kile kicheko cha msibani. Nikamwambia, "Baba, njoo ofisini ukae mwenyewe uone." Akakubali. Lakini tulipokwenda, mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Banda lilikuwa limepoa, linanukia udongo mbichi, na makarani walikuwa wamejikunyata kwenye makoti yao. Mzee Mhoja akakaa kwenye kiti cha mwanawe, akagusa meza, akaniangalia kwa huruma. "Umempenda sana rafiki yako," akasema. "Ndiyo maana unatafuta pa kuupeleka uchungu." Siku chache baadaye Veronika alipandishwa lori la pamba kurudi Igunga, peke yake.

Nilikuwa na ukweli mkononi na sikuwa na jinsi ya kuuonyesha mpaka jua lirudi. Katika kungoja huko nilimwendea daktari mmoja wa Kihindi mjini, nikamweleza alivyokuwa Leonsi. Hakunichelewesha. "Mtu wa namna hiyo huvuliwa nguo, humwagiwa maji, hupepewa," akasema. "Akifunikwa mnammalizia." Nikampelekea Mzee Mhoja maneno hayo. Akasema daktari hakuwepo. Masika ikaja na surua ikaja nayo, na Petro, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu, akafa mikononi mwa shangazi. Veronika alipata habari kwa dereva wa lori, akafika Kwihara kaburi likiwa limeshafukiwa. Sijui kuyaandika yale niliyoyaona pale, na sitajaribu.

Mwezi wa kumi ukarudi. Jumamosi ofisi ilifungwa saa sita mchana, na ufunguo wa banda ulikuwa kwangu. Nikamwendea Mzee Mhoja, nikamwambia, "Baba, ulinikubalia mwaka jana. Leo joto lipo." Akaja na mdogo wake awe shahidi. Nikafunga madirisha yote kama yalivyofungwa siku ile. Nikamvika koti langu, nikamfunga vifungo. Akakaa pale alipokaa mwanawe, mgongo umenyooka, kama mtu aliyeitwa barazani kwa mtemi. Mimi nikakaa upande wa pili, na koti nililoazima.

Mwanzoni alitabasamu. "Joto lipo," akakiri. Bati likawa linalia. Akaanza kujipepea kwa kofia, nikamwambia mkono wa karani unakaa kwenye kalamu, haupepei. Akaiweka kofia. Baadaye akaomba maji, nikamwambia maji ni saa ya mapumziko. Akanitazama kwa hasira, kisha nikaona hasira ile inapotea na macho yake yanaanza kutafuta kitu ukutani. "Upepo umekwenda wapi?" akauliza, si mimi, sijui nani. Hapo nikainuka. Alijaribu kuinuka naye, akarudi kitini. Mimi na mdogo wake tulimbeba hadi barazani kwa tembe, tukamvua koti, tukammiminia mtungi wote.

Alikaa ameegemea ukuta ule wa udongo muda mrefu, maji yakimchuruzika. Mdogo wake alikuwa analia. Mzee Mhoja alipoweza kusema, aliuliza, "Nani alikuwa kirangozi wenu humu?" Kirangozi ndiye aliyetangulia msafara, aliyejua visima na kuamua lini watu watembee na lini watue.

"Karani Mkuu, baba. Na juu yake Meneja."

"Sisi tuliondoka jogoo wa kwanza," akasema, "na jua likifika hapa tulikuwa tumeshatua mizigo, tumelala. Hata Mwarabu mwenye pembe zake hakuthubutu kutuambia twende. Kirangozi aliyepeleka watu jua la utosi bila maji, tulimwacha njiani na mzigo wake." Akalisukuma koti kando. "Na mimi nimemfukuza mtoto wa watu."

Tulikwenda Igunga pamoja. Veronika alitutandikia mkeka chini ya upenu wa nyumba ya baba yake, akatupa maji, akapiga magoti kumwamkia mkwewe. Mzee Mhoja hakuzunguka. Alisema walimkosea, kwamba amekaa kwenye kiti kile mwenyewe, kwamba sasa ameamini.

Veronika alitazama mikono yake. "Mmeliamini bati, baba," akasema. "Mimi niliyempikia uji asubuhi hamkuniamini."

Mzee akavua kofia, akaiweka mkekani.

"Nipeni Monika," Veronika akasema.

Akapewa Monika. Kwihara hakurudi kuishi tena, na hakuna aliyethubutu kumwomba.

Sasa mtauliza ofisi ilifanya nini. Nilimrudia Meneja, nikamweleza yote, na nikaomba tena saa za alfajiri. Aliniambia anasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Akasema atafikiri. Mwaka wa pili baada ya hapo kampuni ilituletea mashine ya kujumlisha, ya chuma, yenye mkono wa kuvuta, ghali mno. Ikawekwa bandani. Ulipofika mwezi wa kumi ikaanza kukwama. Akaja Mkaguzi kutoka Dar es Salaam, akaweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka. "Mnaiwekaje mashine kama hii katika tanuri?" akafoka. Kabla ya mvua tukawa na dari ya mbao, nyasi nene juu ya bati, na madirisha mapana yenye wavu na vibao vya kuzuia vumbi. Mafundi walipokuwa wanapigilia dari nilitoka uani nikalia, na sikuona aibu. Mtunza ghala aliponiuliza nina nini, nikamwambia ninafurahi kwa ajili ya mashine.

Karani Mkuu alipostaafu nilikalia kiti chake. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuuingiza mtungi ndani. Cha pili, nilivua koti langu mbele ya makarani wote nikalitundika msumarini, na ilichukua wiki nzima kabla wa pili hajavua lake. Nilimng'ang'ania Meneja wa tatu mpaka akaruhusu, miezi ya joto, tuanze kungali giza na kufunga jua likisimama. Dresa nilimpeleka kwa yule daktari wa Kihindi akafundishwe. Na kila mgeni niliyempokea nilimwambia hivi: mwenzako akianza kusema mambo yasiyokuwepo na ngozi yake imekauka, usimwite mtu wa blanketi. Mvue, mtoe nje, mmwagie maji, mpepee, halafu ndipo ukimbilie mkubwa. Katika muda wangu wote hakuanguka mtu. Wenye ofisi wa leo nawasihi jambo moja tu: mkaketi kwenye viti vya watu wenu, saa ya jua kali, milango imefungwa, kabla hamjasema kwamba joto linavumilika.

Nilistaafu miezi michache kabla ya bendera kubadilishwa. Karamu ilifanywa uani, asubuhi, kwa amri yangu ya mwisho. Mzee Mhoja alikuwa ameshafariki. Nilimwalika Veronika, akaja na Monika, ambaye sasa alikuwa muuguzi. Alialikwa pia Karani Mkuu wa zamani, mzee sana, koti lake limefungwa hadi juu, na akaketishwa mbele pamoja na wakubwa.

Desturi ya hotuba ya kuaga ni kushukuru. Nilishukuru, kisha nikasema, "Nimefanya kazi hapa na karani wa mizani aitwaye Leonsi. Alitoka kwake ana afya, akafia katika banda lile kwa joto, na ilisemwa kaburini kwamba alikuja na homa. Hakuja na homa. Mke wake hakuwa na kosa lolote. Nilitaka lisemwe hapa, kwa jina la ofisi, nikiwa bado ni mtu wa ofisi." Meneja wa wakati huo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alipiga makofi. Wengine hawakupiga.

Veronika akanyanyuka. Alipita nyuma ya viti hadi alipokaa Karani Mkuu wa zamani, akainama kwa heshima, mikono magotini. "Shikamoo, mzee," akasema.

Yule mzee akashika kifungo cha juu cha koti lake, akageuza uso. Veronika hakuondoka. Alibaki ameinama vilevile, anangoja marahaba yake, na sisi sote tukaacha kula, tukangoja pamoja naye.